Vyama Havifungi Ndoa

Kila uchaguzi unapokaribia, vyama viwili au vitatu hukubaliana kumsimamisha mgombea mmoja, na kesho yake tunasikia kwamba vimefunga ndoa. Vikikosana, vimepeana talaka. Neno hili limezoeleka hata limepanda mimbarani. Tunasema lishuke.

Si kwamba tunailinda ndoa kama sakramenti. Sisi Walutheri tunazo mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana, na Luther mwenyewe aliiita ndoa jambo la dunia hii. Lakini ni jambo la dunia lililowekwa na Mungu, na bwana na bibi harusi wanaposimama mbele ya madhabahu hawaahidiani mpaka Oktoba. Wanaahidiana mpaka kifo. Chama hakiwezi kuahidi hivyo, wala hakipaswi. Chama kinachoapa kutomwacha mshirika wake hata akiiba kimewasaliti waliokichagua.

Hapo ndipo neno linapodhuru. Mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Basi viongozi wakiyaita makubaliano yao ndoa, mwananchi anayeuliza wamegawana nini huonekana mmbeya anayechungulia chumba cha watu. Mwaka 2002 Wakenya waliipigia kura NARC. Nyuma yake kulikuwa na maafikiano ya kugawana madaraka, na baada ya ushindi wakubwa wakagombana juu ya karatasi ambayo mpiga kura wa kawaida hakuwahi kuishika. Mwaka 2008, baada ya watu zaidi ya 1,000 kuuawa, Kibaki na Odinga walitia saini mkataba tarehe 28 Februari, na Bunge likautungia sheria. Serikali ile iliitwa ya mseto. Hilo ndilo neno! Mseto ni mchele na choroko katika sufuria moja. Ukila unaziona choroko, unauona na mchele, hakuna aliyedanganywa. (Wapo wanaoupika mpaka ukawa uji, lakini hilo ni la mpishi.)

Kwetu Tanzania, vyama vya UKAWA vilimsimamisha mgombea urais mmoja mwaka 2015, lakini katika baadhi ya majimbo vikashindana vyenyewe kwa vyenyewe. Ukiuita ushirikiano ule ndoa, utalazimika kuliita jambo hilo uzinzi, na hapo umeshaacha kufikiri umeanza kutukana. Ukiuita makubaliano, unabaki na swali la haki: nani aliachiwa jimbo gani, na nani alivunja?

Tutaambiwa ni tamathali tu, hata manabii waliitumia. Ndiyo, Hosea aliitumia, na Paulo kwa Waefeso. Lakini walisema juu ya Mungu na watu wake, juu ya Kristo na Kanisa, yaani uaminifu usio na muhula. Na anayetaka kuona siasa iliyofungwa kwa ndoa hasa, asome 2 Nyakati 18 hadi 22. Yehoshafati aliungana na nyumba ya Ahabu, mwanawe akamwoa Athalia binti Ahabu. Baadaye Athalia huyo akawaangamiza wazao wa kifalme. Mtoto mmoja, Yoashi, alipona kwa sababu alifichwa miaka sita nyumbani mwa Bwana.

Wagombea watakapokuja tena kutusalimu baada ya ibada na kututangazia ndoa yao mpya, tuwapokee kwa heshima, tuwape maji, kisha tuwaulize makubaliano yameandikwa wapi, na kama usharika unaweza kupata nakala.