Sinatra Ni Nusu ya Wimbo

Leo nimekuja na vita, kaeni chini. Ile sauti ya Frank Sinatra mnayoweka nyuma ya video zenu za mvua na kahawa ni nusu ya wimbo. Nusu ile ingine iliandikwa na msee anaitwa Nelson Riddle, na wengi wenu ndio mara ya kwanza mnasikia hilo jina. Hiyo ndiyo shida yangu.

Kabla sijaendelea: nikisema orkestra hapa, simaanishi Orchestra Super Mazembe. Kwetu orkestra ni bendi ya magita na watu wa kucheza hadi che. Leo naongelea ile ya Marekani ya miaka ya hamsini. Violini, tarumbeta, tromboni, filimbi, watu kibao wamekaa chumba kimoja na mwimbaji na wote wanarekodiwa kwa mpigo mmoja. Mtu wa violini akiteleza, mnaanza upya, na Sinatra pia anaanza upya. Mwenye kuamua kila chombo kipige nini, saa ngapi, kwa nguvu gani, anaitwa mpangaji wa muziki. (Sio mpangaji wa kulipa kodi ya nyumba, ingawa mkisoma hadi chini mtaona hali zao zinafanana.)

Chukua "I've Got You Under My Skin". Cole Porter aliutunga 1936, kwa hivyo Sinatra alipoufikia ulikuwa na miaka 20. Januari 1956 Riddle akampangia upya. Usikize na earphone, tafadhali, sio na spika ya simu. Unaanza chini chini, kama mtu anatembea zake tu bila haraka. Halafu vyombo vinaingia kimoja kimoja. Violini vinapanda. Tromboni zinashika kakifungu kafupi na kukarudia, zinasukuma, zinasukuma, mpaka tromboni ya Milt Bernhart inalipuka. Riddle mwenyewe alikuwa mpiga tromboni, alishapiga kwenye bendi ya Tommy Dorsey, kwa hivyo alijua ile chuma inaweza kulia namna gani. Siku hiyo walirudia wimbo mara 22. Bernhart alikuja kusimulia kwamba mikrofoni ilikuwa juu sana kwake, na Sinatra mwenyewe ndiye alienda kumtafutia sanduku la kusimamia.

Sasa niambie. Ile sehemu inakusimamisha nywele, Sinatra anaimba nini? Haimbi kitu. Amenyamaza.

Najua mtasema, "Lakini sauti ndio inauza." Sawa. 1952 hiyo sauti iliuza nini? Columbia walikuwa wamemwachilia. Capitol wakamchukua 1953, na kikao cha kwanza, mwanzo wa Aprili, akakifanya na mpangaji wake wa zamani, Axel Stordahl. Mwisho wa mwezi huo huo akawekwa na Riddle, wakatoa "I've Got the World on a String". Sikiza nyimbo za vikao hivyo viwili zikifuatana. Mwimbaji ni yuleyule, kampuni ni ileile, mwezi ni uleule. Cha kwanza, kwa maskio yangu, kinasikika kama mtu anaaga. Cha pili kama mtu amelipwa madeni yake yote siku moja. Ndio, najua kuna ile filamu ya From Here to Eternity na Oscar aliyoshinda, ilimrudisha mjini. Lakini filamu haikupanga tarumbeta.

Kuna stori nyingine inaniuma zaidi. "Mona Lisa" ya Nat King Cole, 1950. Wimbo ulifika nambari moja Marekani, na ulishinda Oscar kama wimbo wa filamu. Ukiishika ile santuri yenyewe, kwenye karatasi ya duara pale katikati imeandikwa kwamba kiongozi wa orkestra ni Les Baxter. Mpangilio uliandikwa na Riddle. Kijana alikaa na karatasi akaweka kila noti mahali pake, halafu jina la mtu mwingine ndilo likazunguka duniani. Cole alipojua ni nani aliandika, Riddle ndiye akawa mtu wake. Lakini santuri zilikuwa zimeshauzwa.

Tuongee pesa. Mpangaji alilipwa mara moja, kwa kazi aliyoleta, basi. Santuri ikiuza milioni, mtunzi anakula, mwimbaji anakula, kampuni inakula mpaka inavimbiwa. Aliyeandika ile ngazi ya tromboni anangoja kazi ingine. Na kazi zilipungua kweli, mara roki na gita za umeme zilipochukua mji. Ilibidi Linda Ronstadt, mwimbaji wa roki, amtafute mzee huyo miaka ya themanini wafanye albamu ya What's New, 1983. Iliuza mamilioni. Riddle alikufa 1985, akiwa na miaka 64, kabla albamu yao ya tatu haijatoka.

Mnafikiri hii ni mambo ya wazungu wa zamani? Haya. Mnajua kwa nini maprodyuza wetu wanaweka majina yao ndani ya biti? Enzi za kapuka ukisikia Ogopa Deejays mwanzoni mwa wimbo unajua imetoka wapi. Magix Enga naye anajitaja kabla msanii hajafungua mdomo. Watu wanalalamika ati kelele. Buda, hiyo ndio saini pekee huwezi kufuta. Karatasi inapotea, maelezo ya video hakuna anayesoma, lakini jina likiwa ndani ya sauti, hata klabu lazima walicheze. Riddle hangeweza kupiga mayowe jina lake juu ya violini 12.

Nawajua maprodyuza wa mtaa wanauza biti mara moja, pesa ya wikendi, halafu wanasikia kazi yao kwa matatu na hakuna abiria anajua ni yao. Wakiuliza wanaambiwa washukuru wamepata jina. Jina gani sasa, na halijaandikwa popote?

Ndio maana mimi napenda santuri, na sio kwa sababu zinakaa poa ukutani. Nyinyi mnaoenda Kenyatta Market kununua jalada la kupigia picha, geuzeni hilo jalada mara moja. Nyuma kuna maandishi. Karatasi ya katikati ina maandishi. Ilidanganya kwa "Mona Lisa", nakubali, lakini uongo ulioandikwa unaweza kuubishia. Hizi programu za simu nyingi zinakupa picha ndogo, jina la mwimbaji, na kitufe cha kucheza. Ukitaka kujua ni nani mwingine alikuwa kwenye chumba, bonyeza vidoti, shuka, bonyeza tena, na mpangaji bado unaweza kumkosa.

Kwa hivyo leo hakuna kuniandikia "moto" na zile emoji zenu. Chagua wimbo unaoupenda zaidi mwaka huu, uniandikie hapo chini ni nani alitengeneza biti. Bila kutafuta. Nawapa dakika tano.