Mbwa muzee si wa kufukuza

Kuna batu wanasema: mbwa akizeeka, akikohoa usiku na tumbo ikivimba, amelogwa, mumufukuze. Ati ni desturi. Sisi tunakataa! Mara nyingi ni moyo umechoka: haupige tena damu na nguvu, maji inajaa mwilini. Katika pori la Ituri, mbwa wetu asiyebweka alivaa kengele ya mti, akatufukuzia nyama. Leo tumulipe fimbo? Mumuhesabie pumzi akilala: zikipita 30 kwa dakika, mwende upesi kwa munganga wa wanyama. Dawa ya kutoa maji haiponyeshe moyo, lakini inamurudishia pumzi. Makayabu, hapana, sababu ya chumvi. Maji ya kunywa musimunyime. Anayesahau mwenzake wa muwindo, desturi gani atafundisha watoto?