Waya Ukikatika, Mashine Isifutwe

Hospitali na kliniki nyingi za meno zina beseni la chuma cha pua linaloosha mikasi, koleo na vifaa vingine vya matibabu kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Chini ya beseni hilo vimegundishwa vitetemeshi vya seramiki. Vikipata umeme hutetema, katika mashine nyingi kama mara 40,000 kwa sekunde, na maji hujaa viputo vidogo mno vinavyopasuka na kubandua damu iliyoganda kwenye maungio ambako brashi haifiki. Siku mashine hii inapogoma, ni rahisi mno kuiandikia kwamba imekufa, isukumwe stoo na kuombewa fedha za nyingine. Nasema isifutwe kwenye orodha kabla fundi hajaifungua na kukagua viungo vya nyaya.

Sababu imo ndani ya mashine yenyewe. Waya unaopeleka umeme umelehemiwa juu ya kitu kinachotetemeka saa zote za kazi. Pale solda inapokoma na waya kuanza kupinda, shaba huchoka, nyuzi zake zikakatika mmoja baada ya mwingine. Mvuke wa maji yenye sabuni nao hupenya chini ya beseni na kuleta kutu kwenye vishikizo. Matokeo yake yanadanganya: taa zinawaka, maji yanapata joto, lakini mngurumo wa kawaida wa mashine hausikiki, au upande mmoja wa beseni unaosha na mwingine umelala. Seramiki, ambayo ndiyo ghali, inaweza kuwa nzima kabisa.

Ushahidi kwamba matengenezo ya namna hii yanawezekana hata penye uhaba upo. Mwaka 2010 Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na mwenzake Allison Keane walichapisha utafiti wa hospitali 60 zenye uhaba wa rasilimali katika nchi 11, zikiwemo za Afrika. Kati ya vifaa 2,529 vilivyokuwa havifanyi kazi, 1,821 vilirudishwa kazini bila kipuri kutoka nje. Tena asilimia 66 ya vifaa vyote hivyo vilihitaji stadi 107 tu za msingi, kiwango kilicho chini sana ya elimu ya mhandisi wa vifaa tiba. Utafiti huo ulihusu vifaa vya kila aina, si mabeseni haya peke yake, lakini waya uliokatika ni tatizo la aina hiyohiyo.

Wapo watakaosema kwamba kifaa cha hospitali si redio, na mgonjwa asilipie majaribio ya fundi. Hoja hii ni nzito na inastahili jibu kamili. Umeme unaofika kwenye vitetemeshi hufikia mamia ya volti, na seramiki huweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo chaji hiyo iondolewe kwanza. Solda ikipashwa muda mrefu, joto huiondolea seramiki uwezo wake wa kutetema. Anayelehemu aguse mara moja na kuondoa mkono. Waya mpya uwe wa nyuzi nyingi laini, uachiwe ulegevu kidogo na ushikizwe mbele ya kiungo, la sivyo utakatika palepale. Kisha mashine ipimwe kama inavujisha umeme, na usafishaji wake upimwe kwa kipande cha foili ya alumini kilichoning'inizwa majini kwa muda mfupi: kikitoka na vitobo na vidoa vilivyosambaa sawasawa, vitetemeshi vyote vinafanya kazi. Kipimo hiki kisirukwe, kwa kuwa uchafu uliobaki kwenye mkasi huukinga na mvuke wa otoklevu, chombo cha kuua vijidudu.

Mashine iliyo bado chini ya dhamana irudishwe kwa muuzaji. Seramiki iliyopasuka au beseni lililotoboka ni habari nyingine, na hapo kununua mpya ni halali. Lakini uamuzi huo utokane na vipimo vya fundi, vikiwa vimeandikwa na kutiwa saini, na mikataba ya ununuzi ilazimishe kila mashine ije na mchoro wa saketi yake.