BARAZA LA MWALIMU: Funguo za Gari

 

Mwaka huu nitazungumza juu ya nafsi yangu, ingawa ni jambo la aibu kidogo.

Chuoni nilifundishwa tawakali, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Sekondari nikafundishwa kujitegemea. Kwa kweli niliishi kwa hilo la pili. Kila jambo nililipanga kwa kalamu, na dua nikaiweka mwisho, kama muhuri juu ya barua iliyokwisha andikwa.

Kisha daktari hapa Bristol akaniambia nina presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha potea hairudi. Sikumwambia mtu. Niliendelea kuendesha gari, nikijiambia kuwa njia hizi nazijua. Siku moja, nikimrudisha mjukuu wangu kutoka chuoni, alipiga kelele, "Babu, mtu!" Nikakanyaga breki. Mama mmoja na kigari cha mtoto walikuwa hatua mbili mbele yetu. Sikuwaona kabisa.

Jirani yetu, bibi mmoja Mkristo, alinikuta nimekaa garini mlangoni petu, nimeshindwa kushuka. Nilimweleza yeye kabla ya mke wangu. Hakunihubiria. Alinisimulia tu habari za George Müller.

Müller alizaliwa Prussia mwaka 1805. Ujanani alitegemea ujanja wake, na ujanja ukamfikisha jela kwa madeni ya hoteli. Baadaye alishika dini, akahamia Bristol, na mwaka 1836 akafungua nyumba ya mayatima. Hakuwa na mali, wala hakupita kwa watu kuomba fedha. Alimwomba Mungu, na akaandika hesabu ya kilichoingia na kilichotoka. Majumba matano makubwa yalisimama Ashley Down, na mpaka anafariki mwaka 1898, mayatima zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa. Majengo hayo nimeyapita miaka yote nisijue habari yake.

Mimi si Mkristo, na bibi yule hakutaka niwe. Kilichonigusa ni zile hesabu. Müller hakuacha kufanya kazi eti kwa kuwa anamtegemea Mungu. Aliacha kujiona kuwa yeye ndiye mwenye kazi. Sisi nasi tumefundishwa tumfunge ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Mimi nilimfunga ngamia vizuri sana, nikamsahau Mwenye ngamia.

Jioni ile nilimkabidhi mke wangu funguo za gari, nikamweleza yote. Alilia, kisha akaninunia siku tatu, na haki alikuwa nayo.

Sasa mjukuu hunishika mkono kwenda chuoni. Mimi nasomesha kwa mdomo, yeye anaandika ubaoni. Dawa ya matone natia kila usiku. Hilo ndilo fungu langu. Lakini dua siku hizi naianza kabla ya kalamu.

Ikiwa yupo kati yenu anayeficha maradhi au deni kwa kudhani ataliweza peke yake, namwomba aseme usiku huu huu, kwanza kwa Mola wake, kisha kwa watu wa nyumbani mwake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wassalaam.