Mitupo 28 Isiyopigiwa Makofi

Mtoto akirudi nyumbani kutoka kwenye mechi ya shule, swali la kwanza linalomkuta mlangoni ni hili: "Umefunga ngapi?" Baba anauliza, mama anauliza, shangazi aliyeko Mombasa anauliza kwa simu. Akijibu "kumi na nane", anapigiwa vigelegele. Akijibu "mbili", anaambiwa, "Haya, siku nyingine." Kumbe huenda huyo wa pointi mbili ndiye aliyeibeba timu.

Wiki hii safu yetu inachambua mechi moja ya zamani ya mpira wa kikapu, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi swali hilo linavyotupotosha. Waliocheza walikuwa wanafunzi, wachezaji wa ridhaa wasiolipwa mshahara. Ilichezwa tarehe 19 Machi 1966 katika ukumbi wa Cole Field House, College Park, jimbo la Maryland, mwendo mfupi tu kutoka Washington.

Ilikuwa fainali ya vyuo vikuu vya Marekani. Upande mmoja walikuwepo Kentucky, timu iliyoorodheshwa ya kwanza nchini, chini ya kocha Adolph Rupp ambaye alikuwa ameshatwaa ubingwa huo mara 4. Upande wa pili walikuwepo Texas Western, chuo cha mji wa El Paso, mpakani na Mexico. Kocha wao aliitwa Don Haskins. Chuo hicho siku hizi kinaitwa University of Texas at El Paso.

Wachezaji wa Kentucky wote walikuwa Wazungu. Haskins alianza na wachezaji watano Weusi, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika fainali hiyo, na hata wawili aliowaingiza kutoka benchi walikuwa Weusi. Texas Western wakashinda 72 kwa 65.

Mechi hii husimuliwa kama habari ya rangi, na kweli ilikuwa habari ya rangi. Lakini mara nyingi simulizi huishia hapo, na mpira wenyewe hauchambuliwi. Sisi tuuchambue.

Enzi zile kulikuwa na maneno yaliyozoeleka: mchezaji Mweusi ana mbio na anajua kuruka, lakini hana utulivu, ukiwaweka watano pamoja bila Mzungu wa kuwaongoza, watavurugana. Sasa tazama hesabu za usiku ule. Katika mchezo wa kawaida, Kentucky walitia vikapu 27 na Texas Western 22. Kwa hiyo, ukihesabu vikapu hivyo peke yake, walioshindwa ndio waliofunga zaidi. Tofauti ilikuwa kwenye mitupo huru, ile ya kupewa baada ya kufanyiwa faulo. Texas Western walipata 28 kati ya 34. Kentucky walipata 11 kati ya 13.

Mtupo huru hauhitaji mbio wala kuruka. Mchezaji husimama futi 15 kutoka kwenye ubao, ukumbi mzima unamtazama, hakuna anayemzuia, na kila pumzi yake inahesabiwa. Huo ni ujuzi wa utulivu na wa mazoezi ya peke yako wakati wenzako wameshakwenda kula. Waliodaiwa hawana utulivu ndio walioshinda kwa utulivu.

Na kwa nini Kentucky walipewa mitupo 13 tu? Walirusha mpira kikapuni mara 70 katika mchezo wa kawaida, wakapata hizo 27, yaani chini ya 4 katika kila 10. Texas Western walikaba kwa miguu, wakimsogelea mrushaji bila kumgonga mkono. Ulinzi wa namna hiyo hauonekani vizuri kwenye picha, lakini ndio ulioshika mechi.

Tuwapitie sasa mmoja mmoja, na alama ni zangu.

Bobby Joe Hill, pointi 20, alama 9. Ndiye aliyekuwa akiongoza mpira. Katika kipindi cha kwanza aliwapokonya Kentucky mpira mara mbili mfululizo na kwenda kufunga peke yake. Tangu hapo Kentucky hawakuongoza tena. Namkata alama moja kwa sababu alikosa mitupo huru 3 kati ya 9.

David Lattin, pointi 16, alama 9. Mapema kabisa alipanda juu na kuuzamisha mpira kikapuni kwa kishindo mbele ya Pat Riley, na kishindo hicho ndicho kinachokumbukwa hadi leo. Mimi namsifu zaidi kwa mitupo huru yake: alipewa 6, akatia yote 6. Akadaka pia mipira 9 iliyogonga ubao na kurudi.

Orsten Artis, pointi 15, alama 9. Alicheza dakika zote 40, akatia mitupo huru 5 kati ya 5, na ingawa ni mlinzi wa mbali na kikapu alidaka mipira 8. Ukimtafuta kwenye simulizi za mechi hii utampata kwa shida.

Willie Worsley, pointi 8, alama 8. Urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 6. Haskins alimwanzisha badala ya Nevil Shed aliye mrefu zaidi, ili apate watu watatu wepesi wa kuwakimbiza Kentucky. Naye alicheza dakika zote 40. Mzazi mwenye mtoto mfupi anayependa mchezo huu alikumbuke jina hilo.

Willie Cager, pointi 8, alama 8. Alitoka benchi, akacheza dakika 30. Alitia kikapu kimoja tu katika mchezo wa kawaida, lakini mitupo huru 6 kati ya 7.

Nevil Shed, pointi 3, alama 7. Alikubali kuanzia benchi katika mechi kubwa kuliko zote za maisha yake. Alirusha mara moja akapata, akapewa mtupo huru mmoja akapata.

Harry Flournoy, pointi 2. Goti lilimtoa baada ya dakika 6 tu, hivyo simpi alama. Ndiye aliyekuwa hodari wa timu katika kudaka mipira inayorudi, na wenzake ilibidi wagawane kazi yake usiku kucha.

Kuna wa nane ambaye hakugusa mpira katika fainali. Siku moja kabla, katika nusu fainali, mchezaji wa Utah aitwaye Jerry Chambers aliwafunga Texas Western pointi 38. Haskins akamwingiza Jerry Armstrong, mmoja wa Wazungu wa timu ile, kazi yake ikiwa kumkaba Chambers tu. Akampunguza kasi, Texas Western wakapita kwa 85 kwa 78. Kesho yake alikaa benchi mwanzo hadi mwisho. Bila yeye huenda fainali ingekuwa ya watu wengine.

Upande wa Kentucky, Louie Dampier alifunga 19 na Pat Riley 19. Ukiuliza "umefunga ngapi?", vijana hao wawili waliwashinda wachezaji wote wa Texas Western isipokuwa Hill. Walirudi nyumbani bila kombe.

Kwa nini nimewasumbua na mechi ya mwaka 1966? Kwa sababu maneno ya enzi zile hayajaisha. Watoto wetu wanaokulia Minneapolis, Leicester au Toronto bado husifiwa kwa nguvu, mbio na urefu, na wenzao husifiwa kwa akili na uongozi. Mtoto akisikia hivyo mwaka baada ya mwaka, huamini kwamba mwili ndio mali yake pekee. Kama na sisi nyumbani tunauliza pointi tu na kusifu kuruka tu, tunamwongezea mzigo uleule.

Tuna mfano wa kwetu pia. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akasoma na kucheza katika University of Connecticut, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Watu wanakumbuka urefu wake. Lakini chuoni mara mbili alitajwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East. Kilichomfungulia mlango zaidi ya kufunga ni kuzuia, na kuzuia kunataka kujua wapi pa kusimama na lini pa kuinua mkono.

Basi, wazazi wenzangu, Jumamosi hii mkiwa kwenye viti vya ukumbi wa shule, chukueni kalamu. Hesabuni mitupo huru ya mtoto wenu, mingapi kapewa na mingapi katia. Angalieni anafanya nini wakati hana mpira: anarudi kukaba au anabaki mbele kusubiri? Yule aliyekabidhiwa amkabe, alifunga ngapi? Na akikaa benchi, anawashangilia wenzake au amejifunika taulo?

Kisha kwenye gari, kabla ya kuuliza pointi, mwambieni jambo moja mliloliona kwa macho yenu. "Ulimkaba yule namba 12 mpaka akatafuta pasi." Mtoto atanyamaza kidogo, kisha ataanza kusimulia mechi yote. Na akisema alikosa mitupo huru, msimgombeze. Muulizeni kesho ukumbi unafunguliwa saa ngapi, mumpeleke.