Mchezaji Naye ni Mwanafunzi

Imekuwa desturi katika shule nyingi za sekondari za nchi zetu za Afrika Mashariki kwamba msimu wa mashindano ukikaribia, sheria za shule hulegezwa kwa ajili ya wachache. Kengele ya darasa hulia, wote huingia, lakini kijana aliye hodari wa kufunga mabao amelala bwenini, na mwalimu wa zamu apitapo mlangoni hujifanya hakumwona. Zoezi la hesabu hakulifanya, wala haulizwi. Amemtukana mwenziwe mezani, na shauri lake limeahirishwa mpaka mashindano yaishe. Mashindano yakiisha, shauri limekwisha sahauliwa.

Mimi ni mwalimu, nami nimefundisha darasani na kusimamia timu uwanjani. Kwa hiyo sisemi neno hili kwa kuuchukia mpira. Nasema kwa kuwa jambo hili huitwa kumpenda mtoto, kumbe ni kumwibia. Kauli yangu ni hii: mwanafunzi achezaye kwa jina la shule yampasa atimize masomo na adabu kama wenziwe wasiocheza, na asipotimiza asivae jezi ya shule mpaka atimize. Tena shule imwekeayo sharti hilo yapasa nayo impe mafundisho ya kumwezesha kulitimiza. Mambo haya mawili hayatengani, na atakayeshika moja na kuliacha la pili hakunisikia.

Wako wasemao, “Kila mtu na kipaji chake. Huyu hakujaliwa vitabu, amejaliwa miguu, mwacheni aitumie.” Maneno haya hupendeza masikioni, lakini hebu tuhesabu. Shule yenye wanafunzi mia sita huingiza uwanjani wachezaji kumi na mmoja, na wa akiba wachache. Wilaya huchagua timu moja katika shule zake zote. Mkoa huchagua timu moja katika wilaya zake zote. Na wanaochaguliwa mkoani hukutana na wa mikoa mingine katika UMISSETA, ambako wengi tena hubaki chini. Hao wachache wafikao juu riziki yao hukaa katika goti, na goti ni kitu cha kuvunjika. Hata asiyevunjika, afikapo miaka thelathini na mitano mara nyingi uwanja umekwisha kumwaga, naye angali na umri mrefu mbele yake, wa kula, kuvaa na kusomesha watoto. Je, siku hiyo atasoma mkataba kwa miguu? Ataandika barua ya kuomba kazi kwa kichwa cha kupigia mpira?

Na tuwatazame wale wenyewe tunaowatolea mfano. Suleiman Nyambui wa Tanzania alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980. Alikuwa akikimbia kwa jina la Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na baadaye akawa Katibu Mkuu wa chama cha riadha cha nchi yake, kazi ya kalamu na mahesabu. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Na siku za mbio zilipopita, mtu huyo alianzisha shule. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam, akasoma Makongo, akapelekwa kumaliza masomo ya sekondari katika mji wa Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Watu hawa walikuwa na miguu na kimo kuliko wengi, walakini njia yao wote watatu ilipita mlangoni mwa darasa au ikarudi hapo.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawakuambiwa. Vijana wetu, hasa wakimbiaji, hutamani sana kwenda kusoma Marekani kwa nguvu ya miguu yao. Lakini vyuo vikuu vya huko vina chama chao cha michezo, kiitwacho NCAA, nacho kiliweka mwaka 1983 kanuni, iliyoanza kushika mwaka 1986, kwamba mwanafunzi mpya hachezi mwaka wake wa kwanza asipokuwa amefaulu masomo ya msingi katika shule ya sekondari. Kanuni hiyo imebadilishwa baadaye, lakini haikuondolewa. Leo atakaye kucheza katika vyuo vya daraja la kwanza huonyesha masomo ya msingi kumi na sita ya sekondari, pamoja na wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4. Kijana wa Kiafrika naye huulizwa vyeti vyake. Basi yule mwalimu amwambiaye mkimbiaji wake, “Wewe usijali mtihani, miguu yako itakufikisha,” amemfungia kwa mkono wake mlango anaomwelekeza.

Uovu mwingine ni mkubwa zaidi, nao ni wa mamluki. Kila mpenda michezo ya shule anajua maana yake: mchezaji asiye mwanafunzi wa shule ile, au aliyeandikishwa wiki chache kabla ya mashindano, ili kombe lije. Nimemwona mmoja kwa macho yangu. Alikuwa ameletwa kutoka mbali na kupewa jina la mwanafunzi mwingine, mwenye kadi ya shule na umri uliofaa. Uwanjani mwalimu wake alimwita kwa jina lile mara tatu asigeuke, kwa sababu halikuwa jina lake. Watu walicheka. Mimi nilimtazama yule mwenye jina, amekaa nje ya mstari katika sare ya shule, akimwangalia mgeni akicheza kwa jina lake. Alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima. Kombe lilikuja, na wiki ile ile kijana wa kuazimwa akarudishwa kwao kwa nauli ya basi, bila daraja wala cheti. Nani katika hao wawili alifundishwa jema na shule? Mmoja alijifunza kwamba jidi haina malipo, na wa pili kwamba utu wake ni wa kukodishwa.

Wala wengine wote hawakuwa vipofu. Wanafunzi mia kadhaa waliokuwa wakishangilia walijua, na kesho yake mwalimu yule yule alisimama mbele yao akawakataza kutazamia katika mtihani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tumlee katika hila saa kumi za jioni, kisha tumdai uaminifu saa mbili za asubuhi?

Sasa nitaeleza jinsi wengine walivyojaribu kulitengeneza jambo hili. Katika jimbo la Texas, Marekani, mpira wa shule hupendwa mno, hata mji mzima huweza kufunga maduka siku ya mchezo. Mwaka 1984 baraza la jimbo hilo lilitunga sheria ambayo watu waliipa jina la “asiyefaulu hachezi.” Mwanafunzi aliyepata chini ya alama 70 katika 100, hata katika somo moja, alizuiwa kucheza kwa majuma sita. Kelele zilikuwa nyingi. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1985 mahakama kuu ya jimbo ikaamua kwamba kucheza kwa jina la shule si haki ya msingi ya mwanafunzi, na kwamba sheria ile ilipatana na kazi ya shule, ambayo ni kufundisha. Mwaka 1995 sheria ilirekebishwa: aliyezuiwa huweza kurudi baada ya majuma matatu iwapo amefaulu masomo yake, na katika siku za kuzuiwa haondolewi katika mazoezi.

Nayasifu mambo matatu katika sheria hiyo. La kwanza, ni moja kwa wote. Nahodha na mchezaji wa akiba hupimwa kwa pishi moja. La pili, muda wake ni mfupi, hivyo kijana huona mwisho wake na kujitahidi, wala hakati tamaa. La tatu, humwacha mazoezini pamoja na wenziwe, asije akatupwa mitaani. Lakini iko kasoro ambayo sheria peke yake haiwezi kuiponya. Alama hutolewa na mwalimu. Mwalimu akiogopa makelele ya mji, au akipenda kombe kuliko ukweli, 58 itageuka 70 kwa mchoro mmoja wa kalamu, na sheria itabaki ukutani kama picha. Kwa hiyo nasema adabu ya mchezaji huanzia katika adabu ya mwalimu.

Nalijua pingamizi lililo zito kuliko yote, wala sitalikwepa. Wako walimu wema wasemao, “Kijana huyu ni maskini, nyumbani hana taa ya kusomea, amechoka na masomo, na kinachomleta shuleni ni mpira tu. Ukimnyang'anya mpira hutamwona tena.” Ni kweli, vijana wa namna hiyo wapo, nami nimewafundisha. Lakini tazama twafanya nini nao. Twamwita shuleni kwa mpira, kisha akifika hatumfundishi, kwa kuwa amekuja kwa mpira! Ikiwa mpira ndio umletao, basi na tuutumie kumfikisha penye kitabu, maana hakuna chombo kingine chenye nguvu hiyo juu yake. Azuiwe mechi majuma matatu, abaki mazoezini, na kila jioni ya majuma hayo apate saa moja ya mafundisho ya somo alilolishindwa. Asipopewa saa hiyo, basi mwenye kosa ni shule, na adhabu imemwangukia asiyestahili. Tena timu isafiripo siku kumi kwa mashindano, vipindi vilivyopotea ni deni juu ya shule, nalo lazima lilipwe warudipo, wala si kuwaambia vijana wakanakili madaftari ya wenzao usiku.

Upande wa pili wako wenye ukali, wasemao bora michezo ifutwe kabisa. Hututajia methali, “Mshika mbili moja humponyoka.” Hao nao wamepotea. Serikali ya Tanzania iliwahi kuyasimamisha mashindano ya shule katika miaka ya mwanzo ya karne hii, kisha yakarudishwa. Maana watoto wasiocheza mpira wa shule hucheza mwingine, usio na refa wala mwalimu. Uwanjani kijana hujifunza kushindwa bila kulia, kumtii mwamuzi aliyekosea, na kumpa mpira mwenziwe aliye mahali pazuri kuliko yeye. Mambo hayo hayasomwi ubaoni. Methali ile yamhusu ashikaye mambo mawili kwa wakati mmoja. Ratiba ya shule ina asubuhi yake na alasiri yake.

Na juu ya mwenendo nasema wazi. Mchezaji apigaye refa, atukanaye wapinzani, atorokaye bweni usiku baada ya ushindi, au awatumikishaye wadogo kwa kuwa jina lake huimbwa, aadhibiwe siku ile ile, hata kama fainali ni kesho. Ikiwa fainali itapotea kwa sababu hiyo, ipotee. Shule itakuwa imeshindwa mechi moja, na wanafunzi wote wameona kwamba neno la shule ni neno. Lakini mwalimu aingiaye uwanjani kumfokea mwamuzi hana kinywa cha kumhukumu mchezaji wake. Na mzazi amtoleaye mwanawe udhuru kwa kila kosa kwa sababu anafunga mabao, amwandalie na fedha za kumtolea udhuru ukubwani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nao ulimwengu hautozi ada ndogo.

Basi natoa shauri kwa walimu wakuu wenzetu, nalo halihitaji fedha nyingi. Mwanzoni mwa mwaka kanuni ziandikwe kwa maneno machache, zisomwe mbele ya wanafunzi na wazazi, kabla hazijajulikana ni nani zitakayemgusa. Kila majuma matatu mwalimu wa darasa, wala si mwalimu wa michezo, atoe orodha ya mahudhurio, alama na mwenendo wa wachezaji, naye aitie sahihi yake. Aliyepungukiwa asimame kando, afundishwe, apimwe tena. Asiyekuwa katika daftari la mahudhurio tangu mwanzo wa muhula asicheze, hata awe hodari namna gani. Na mwalimu atakayeonekana kageuza alama au jina, aondolewe kwenye timu yeye kabla ya kijana.

Najua mwaka wa kwanza wa kanuni hizi baadhi ya shule zitarudi bila kombe, na majirani watazicheka. Wenye shule hizo wavumilie. Wamfikirie kijana yule aliyekaa nje ya mstari akisikia jina lake likiitwa kwa mtu mwingine, na wajiulize wangemwambia nini kama angekuja ofisini kesho yake kuuliza kwa nini afanye bidii.