Mzee Mbele ya Runinga



Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu nyingi mzee hakosi chakula, dawa wala kitanda safi. Akosacho ni mtu wa kuzungumza naye. Twamwashia runinga ukumbini, kisha kila mmoja ashika njia yake. Jioni twamkuta palepale, tukajiridhisha kwamba alikuwa na kitu cha kumliwaza.

Mwezi uliopita tuliwaalika bibi saba wa mtaani kwetu, baada ya sala ya Alasiri, watazame filamu pamoja na kuijadili. Madarasa ya wazee si mageni ulimwenguni. Tangu Chuo Kikuu cha Toulouse, Ufaransa, kilipowafungulia mlango mwaka 1973, wazee wa nchi nyingi hukutana kujifunza bila mtihani wala cheti.

Tulichagua Tokyo Story, filamu ya Yasujiro Ozu iliyotolewa Japani mwaka 1953. Mzee na mkewe wasafiri kutoka Onomichi, mji wa bandari, kwenda Tokyo kuwazuru watoto wao. Mwana ni daktari, binti ana saluni. Hakuna awafukuzaye wazazi, ila hakuna mwenye nafasi. Mwishowe watoto wachanga pesa na kuwapeleka hoteli ya Atami, pwani, ambako kelele za usiku zawanyima usingizi. Awapaye siku yake nzima ni Noriko, mjane wa mtoto wao aliyefia vitani, ambaye aomba ruhusa kazini ili awatembeze. Punde baada ya kurejea kwao, mama afariki.

Wajukuu walisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kuwafasiria bibi zao. Filamu yapita saa mbili, basi tuliigawa kwa siku mbili. Tulitanguliza pia kusema kwamba mna mahali ambapo wanaume wanywa pombe.

Tulitarajia bibi zetu wawalaumu wale watoto. Mmoja wao alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Nyinyi mwadhani mimi ni yule mama. Mimi ni yule binti wa saluni.”

Akasimulia kwamba miaka mingi iliyopita mamake alikuja kutoka Lamu kumtazama, naye alikuwa kwenye cherehani, akishona nguo za Idi za watu. Mama alikaa siku nne, akaaga, akisema hataki kuwa mzigo. Hawakuonana tena.

Binti wa bibi huyo alikuwa akimimina kahawa. Alisita, birika mkononi. Ameishi na mamake nyumba moja maisha yake yote, na habari hiyo hakupata kuisikia.

Hapo tulifahamu faida ya kikao kile. Ni vigumu kumwambia mzee akueleze majuto yake. Hata adabu hairuhusu. Lakini ukimuuliza habari za watu wa Japani asiowajua, huenda akakujibu kwa habari zake mwenyewe.

Mwenye kutaka kujaribu hahitaji mengi. Watu wasizidi kumi, sauti iwe juu, viti viwe vya kuegemea, na filamu iwe ya heshima. Baadaye ulizeni maswali matatu: Ni nani uliyemhurumia? Ni nani aliyekosea? Je, limepata kukufika jambo kama hilo? Kisha mnyamaze, msimkatize.

Katika Suratul Israi, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwafanyia wema wazazi, na wafikapo uzeeni tuseme nao kwa heshima. Amri hiyo yataka maneno pia. Chakula na dawa havitoshi.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yule wa Lamu, na atujaalie kuwauliza wazee wetu wakati bado wako nasi kutujibu. Amin.